Nilikuwa namsogezea swahiba nyama kwenye sinia ili nisijulikane naumwa

Wakuu, habari za mchana huu.

Uzi huu nimeuandika nikaufuta mara tatu. Leo nauacha. Ninachosimulia ni cha kweli mwanzo mpaka mwisho, na sitaongeza chumvi, maana hata hiyo chumvi yenyewe nimekatazwa.

Majina nimebadilisha. Watu wa Tabora wakinitambua, basi na wanitambue.

Mimi ni fundi cherehani, nipo Ng'ambo. Nashona kanzu, makoti, sare za shule, chochote kinacholetwa. Umri ni hamsini kasoro. Miaka mitatu iliyopita niliambiwa nina sukari, na presha imekuja kuisindikiza.

Daktari akanipa vidonge na karatasi ya vyakula. Wali kiasi cha ngumi tu. Viazi acha. Nyama ya mafuta acha. Soda, halua, chai ya sukari, sahau kabisa. Dona, mboga za majani, maharage na samaki ndiyo yakawa maisha.

Nyumbani haikuwa shida. Mke wangu alilichukulia jambo serious kuliko mimi mwenyewe. Shida ilianza nikitoka nje ya mlango.

Sisi waswahili wa mjini hapa, kukutana ni kula. Mtu akioa, akizaa, akifiwa, akihamia nyumba mpya, watu wanakaa mkekani na sinia linawekwa katikati. Huwezi kusema una daieti. Watu watacheka, wanajua daieti ni ya wasichana wanaotafuta kiuno.

Nilijaribu mara moja kusema nusu ya ukweli. Ilikuwa shughuli kwa shangazi yake mke wangu, kule Itetemia. Nikasema pilau sitaliweza, tumbo haliko sawa, nikaomba ugali kama upo. Yule mama aliondoka pale. Baadaye tukaambiwa yuko jikoni analia, anauliza tangu lini mkwe anaogopa chakula chake, na yeye ana nini cha kumwekea.

Kumbe na mtaani walikuwa wanaangalia. Nilikuwa nimepungua kilo kadhaa kwa ajili ya hiyo daieti. Kabla wiki haijaisha nikawa nimeshapewa umeme. Yaani ukimwi, mnajua wenyewe. Hakuna aliyeniambia usoni, ila mteja wangu wa siku zote alikuja kuchukua kitambaa chake kabla sijakikata. Alisema amebadili mawazo, ataenda kununua za dukani.

Niliumia sana siku ile. Nikaapa sitamwambia mtu tena.

Sasa niwaletee swahiba wangu. Tumwite Sudi.

Sudi alikuwa fundi viatu, kibanda chake kinatazamana na changu. Madrasa moja, ustadhi mmoja, viboko vilevile. Mtu wa utani huyo, akikuona umevaa kiatu kipya anakuuliza umemwachia nani cha zamani. Mimi na yeye tulikuwa rika, hakuna mkubwa wala mdogo.

Kila Ijumaa baada ya swala tulikuwa tunakula pamoja, nyumba kwa zamu. Mimi, Sudi, na Bwana Nasoro. Huyu Nasoro ni Mwarabu mwenye duka la nafaka. Babu zake walikuja enzi za misafara wakakaa mpaka leo, na kwa Kinyamwezi chake anatushinda sote. Yeye ndiye mkubwa wetu, ametuzidi umri kama miaka kumi na tano. Wa nne alikuwa yeyote aliyekuwepo siku hiyo. Tulikula hivyo miaka mingi sana.

Vijana mliozoea kila mtu na sahani yake, hapa nisikilizeni vizuri, maana bila hili uzi wote hautaeleweka.

Sinia lina adabu zake. Unakula mbele yako, huvuki. Ukinyanyua mkono mapema, wenzako wanaona haya na wao wananyanyua, kwa hiyo mkono unaendelea kwenda hata kama umeshiba. Nyama iko katikati. Mkubwa anaikata kwa vidole na kuwasogezea wadogo. Mdogo hamsogezei mkubwa, huo ni utovu wa adabu. Watu wa rika moja wanasogezeana, ni mapenzi. Na ulichosogezewa hukirudishi. Ukirudisha, ama una kinyongo, ama una wasiwasi na mkono wa mwenzio.

Sasa mimi nikaona hapo ndipo pa kutokea.

Bwana Nasoro ananisogezea mnofu wa mafuta. Mimi nauweka juu ya kijilima cha wali wangu, na kiazi pembeni, halafu nasukuma vyote taratibu upande wa Sudi. "Kula swahiba, wewe ndiye mwenye mwili." Watu wanacheka. Mkono wangu unaendelea kwenda na kurudi na vitonge vya punje tano. Ikija halua na kahawa, kipande changu namkabidhi Sudi, nasema najua anavyoipenda.

Na yeye alikuwa anakula.

Watu wakaanza kunisifu kwa ukarimu. Kliniki nako vipimo vikakaa vizuri, nesi akawaambia wagonjwa wengine kwenye benchi waige mfano wangu. Nilirudi nyumbani siku hiyo kifua mbele. Niliona nimewapiga chenga wote, ugonjwa na majirani.

Mke wangu ndiye aliyeniona. Ijumaa moja zamu ilikuwa kwetu, akawa anapitisha maji ya kunawa. Wageni walipoondoka akanikalisha.

"Baba Asha, kama kwako ni sumu, kwa mwenzio ni nini?"

Nikamjibu Sudi ni mzima, ana mwili wake, anamudu. Mke wangu alichukua sinia akaenda kuliosha.

Hapa wakuu ndipo panaponiuma, na ndipo nilipofuta uzi mara zote tatu.

Sudi hakuwa mzima, na mimi nilikuwa naona.

Alianza kuweka dumu la maji chini ya meza yake, lita tano, mchana haijafika saa nane limekwisha. Alikuwa anatoka kwenda chooni kila mara, akirudi analalamikia jua la Tabora. Akafikia kututania kwamba sisimizi wamehamia chooni kwake na hawataki kulipa kodi. Uzi ulikuwa unamshinda kupita kwenye sindano, anasema macho ya uzee. Kila dalili aliyokuwa nayo, mimi nilikuwa nayo mwaka niliopimwa. Naijua kama ninavyoujua mshono wangu.

Kibanda na kibanda, tunatazamana. Ilinipasa nivuke barabara nimwambie neno moja tu, nenda kapime.

Sikuvuka. Ningemwambia akapime sukari, angeniuliza nimejuaje. Basi nikanyamaza, na Ijumaa ikifika namsogezea.

Kama miaka miwili hivi.

Halafu msumari mdogo wa kiatu ukamchoma unyayo akiwa kazini. Hakusikia. Miguu ilishaingia ganzi. Alikuja kujua mkewe, Bi Zuhura, alipouliza hii harufu ndani inatoka wapi. Kufika hospitali, mguu umeshaharibika mpaka juu ya kifundo. Wakakata chini ya goti. Siku hiyo mtaa mzima ukajua Sudi ana sukari.

Fundi viatu mwenye mguu mmoja.

Aliporuhusiwa nilikwenda nyumbani kwake asubuhi. Nilimkuta barazani, kanyoosha kile kilichobaki juu ya mto. Nikamwambia yote. Ugonjwa wangu, wali, mafuta, halua, na kwamba nilikuwa naona dalili zake na nikanyamaza. Sikumficha hata kimoja. Nilikuwa nalia, sioni aibu kusema.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua," akasema.

Akanieleza kwamba siku moja alikuja kibandani kwangu kuazima mkasi, mimi sipo, akafungua droo ya cherehani akakuta vidonge. Alivitambua hapo hapo kwa sababu ni vilevile alivyokuwa anameza yeye. Alikuwa ameanza kuvimeza kabla yangu. Alikuwa anavifuata mbali, asionekane na mtu wa mtaani.

Nikamuuliza sasa kwa nini alikuwa anakula.

"Ningekataa ningekwambia nini?"

Akajipangusa jasho. Halafu akasema maneno ambayo ninayo mpaka leo.

"Wewe ulikuwa na mimi wa kunisogezea. Mimi nilikuwa na nani?"

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitukana. Upande wake mmoja nilikuwa mimi, nimeshamjazia. Upande wa pili mgeni, na mgeni humsogezei makombo yako. Mbele yake mkubwa wetu. Kila njia ilikuwa imefungwa, na mimi ndiye niliyekuwa naijua njia hiyo vizuri kuliko wote.

Ijumaa zetu zilikufa zenyewe baada ya hapo. Bwana Nasoro alikuwa anatuma kilo za unga wa dona kwa Sudi lakini kukaa kula hakuja tena. Mimi nilikwenda kila Ijumaa. Bi Zuhura alitupikia dona na mlenda, wakati mwingine dagaa. Siku ya kwanza alileta sinia. Sudi akamwambia alirudishe, alete sahani mbili.

Tulikula hivyo, mkeka mmoja, sahani mbili. Tulizungumza mpira, tulizungumza wanawe. Utani ulirudi kidogo. Aliniambia sasa nikija na kiatu cha kushona nimletee kimoja tu, atanipunguzia bei. Nilicheka, nikaenda kulia njiani.

Hakumwambia mtu nilichomfanyia. Hata mkewe, nadhani.

Miezi minane baadaye figo zikagoma. Tulimzika mchana, watu wengi, jua kali. Niliingia kaburini kumpokea kwa sababu nilikuwa na haki hiyo kama rafiki, na nilipomshika nikaona alivyokuwa mwepesi.

Kwenye hitima yake tukakaa mkekani. Sinia likaja, pilau, nyama juu. Nilikuwa nimekaa na Bwana Nasoro, shemeji yake Sudi aliyetoka Goweko, na mzee mmoja wa msikitini. Bwana Nasoro akakata nyama kama kawaida yake. Kipande kinene chenye mafuta, akakiweka juu ya wali, akasukuma vyote kuja kwangu.

Nikakitazama. Nilikuwa nimeshakiona kitendo kile mara nyingi sana, ila siku zote nilikuwa nakitazama nikiwa upande wa kusukuma.

Nikasema, kwa sauti ya kawaida, shemeji na mzee wakisikia, "Bwana Nasoro, unisamehe. Mimi nina sukari. Siwezi."

Mikono yote ikasimama.

Bwana Nasoro hakuurudisha mkono wake. Aliuacha pale pale juu ya wali, vidole vimelowa mafuta.

"Na mimi," akasema, kwa sauti ya chini. "Mwaka wa kumi na moja huu."

Wakuu, mnaona hesabu yake? Tulikuwa watatu kwenye sinia moja, na wote watatu wagonjwa. Mkubwa alikuwa ananisukumia mimi fungu lake. Mimi namsukumia Sudi la mkubwa na la kwangu. Sudi hakuwa na mtu wa kumsukumia, akala ya watu watatu, akatabasamu, akasema alhamdulillahi.

Tukamla rafiki yetu hivyo kwa adabu zetu zote.

Mficha uchi hazai, wazee walisema. Mimi naongeza kwamba wakati mwingine anayelipia ule uchi wako ni mwenzio, na yeye ndiye anayekufa.

Nilichojifunza ni kidogo na kimechelewa. Kama una masharti ya chakula, yaseme kabla mkono haujaingia kwenye sinia, acha watu wakupe umeme, wakupe uchawi, wakupe wanachotaka. Umbea wa mtaa unachoka wenyewe. Na ukiona dalili zako kwa mwenzio, vuka barabara. Usingoje apate kidonda.

Kibanda cha Sudi sasa kimepangishwa na kijana anayetengeneza simu. Nimegeuza meza yangu, nimekipa mgongo.

Ijumaa hii Bwana Nasoro anakuja kwangu kula, ni mara ya kwanza tangu hitima. Mke wangu ameniuliza tangu asubuhi, aweke sinia au aweke sahani. Sijamjibu.

Nyie mngemjibu nini? Hasa wenye sukari na presha humu ndani, na mnaokaa na watu wenye nazo bila kujua. Mliwaambiaje watu wenu? Wa kunilaumu pia karibuni, hamtasema ambalo sijajiambia.