Wageni wa Mtambuu wa Mama

Mama yangu, Mwanalima binti Omar, alipokimbia vita kisiwani kwetu Chovai, Somalia, mwaka wa tisini na mbili, aliiacha dhahabu yake sandukuni akabeba kipande cha mtambuu, mmea wa majani ya kutafuna, kilichozongwa kwa leso mbichi. Mtambuu ule ulipandwa na nyanya, Mungu amrehemu. Kambini, nje ya Mombasa, mama aliupanda ndani ya debe mbele ya hema, akawa anaunywesha maji aliyotawadhia.

"Huu ukifa," alikuwa akisema, "sina tena kitu cha kwetu."

Kiangazi majani yakaingia vidoa vya manjano. Chini yake kukatanda utando mwembamba, na ndani ya utando vijidudu vyekundu, vidogo kama chembe za pilipili. Nikachukua kitambaa niyafute. Thubutu! Mama alinichapa mkono.

"We Saada, una wazimu? Mchu Mwislamu haui buibui! Ndiye aliyemsitiri Mtume pangoni kwa utando wake."

Ndiyo desturi yetu, sikatai. Nikakirudisha kitambaa. Wiki tatu mama aliwalinda wageni wake, hata watoto wa jirani wakakatazwa kugusa majani. Na majani yakawa yanapukutika.

Mwisho nikamwita Ami Fahad, jirani yetu aliyekuwa na shamba la ndimu Kismayo. Akavua kofia yake nyeupe, akaikinga chini ya jani, akaligonga kwa kidole. Vikaanguka vijidoa. Mara vikaanza kutembea. Yarabi! Nikarudi nyuma nikakanyaga sufuria.

"Mwanalima, buibui ana kiuno," akasema Ami. "Kichwa mbali, tumbo mbali. Tena hukaa peke yake akawinda nzi, jani halimhusu. Yule pale kwenye kamba ya hema ndiye buibui, mwache. Hawa ni kidonge tu, hawana kiuno, wamejazana chini ya jani wanalifyonza. Huu ni utitiri."

Akakibonyeza kimoja. Kofia ikaingia mchirizi mwekundu.

Mama aliutazama mchirizi ule.

"Mimi ndiye niliyewalinda?" akauliza. "Mimi, kwa mkono wangu?"

Akaleta sabuni, akachuma majani yote yaliyobaki, akayachoma, akakiosha kijiti. Alikiosha mpaka adhana ya alasiri, maji ya kunywa ya siku nzima yakaishia hapo. Sikuthubutu kumgombeza.

Tangu siku ile kila asubuhi anakinywesha kijiti kitupu. Jana alipokwenda kupanga foleni ya mgao wa unga, nilikikwaruza kwa ukucha. Ndani ni kahawia, kikavu mpaka mizizini.

Aliporudi hata unga hakuutua.

"Saada, chaelekea kuchipua?"

"Inshallah, Mama," nikasema. Nikachukua dumu, nikaenda kumtekea maji.