Usingizi wa Maalim Borafya

Watu wa mtaa wetu wa Kajificheni walikuwa wepesi wa kuona karama, hata pasipo na karama. Maalim Borafya alipoanza kurefusha sijida zake, mwaka wa hamsini na nne au na tano, walisema amefikia daraja za mawalii. Safu nzima nyuma yake ilibaki vipaji vya uso chini, viuno vikiuma, na hapana aliyelalamika. Mimi nilikaa chini ya nyumba yake, nikishona kofia, na kupitia boriti nilikuwa nikisikia mambo ambayo safu ile haikuyasikia. Lakini hakuna aliyeniuliza, na mkewe hakuwa mtu wa kusema.

Mkewe alikuwa Bi Mwatum, mzaliwa wa Makunduchi kama Maalim mwenyewe. Aliletwa mjini mwari, akakaa nami nyumba moja mpaka tukawa ndugu. Alikuwa mpole wa kila kitu ila jambo moja: ya chumbani hayatoki chumbani. Somo wake, kungwi aliyemfunda, alimfunza kwamba mke ni vazi la mume, na vazi kazi yake ni kusitiri. Nyinyi wa leo mtacheka. Yeye alilishika neno lile kama alivyoishika swala yake.

Mchana Maalim alikuwa akisinzia. Alisinzia chuoni akisomesha Kurani, watoto wakaruka aya nzima asijue. Alisinzia barazani na kikombe cha kahawa mkononi. Bi Mwatum alidhani ni udhaifu, na kwetu mtu akilegea hulishwa. Basi ikawa supu ya kongoro asubuhi, bokoboko lenye samli mchana, maziwa ya moto jioni. Shingo ya Maalim ilinenepa mpaka kanzu zake zikambana, na mimi ndiye niliyezifumua nikatia vipande. Kila akinenepa, usingizi wa mchana ulizidi. Akaandikiwa kombe, aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, akanywa. Kombe lina baraka zake, silisemi vibaya, lakini maradhi yale hayakutaka kuondoka kwa zafarani.

Halafu ikaja alasiri ile. Aliyenihadithia ni Msabah, muadhini wa msikiti. Sijida ya rakaa ya pili ilirefuka, safu ikangoja. Msabah akasema Subhanallah, kama inavyompasa maamuma kumzindua imamu wake. Akarudia. Kutoka kwenye mihrabu wakajibiwa na mkoromo.

Maalim alipozinduka, alijua sharia kuliko wote: usingizi ule umemvunjia udhu. Akamshika Msabah mkono, akamsogeza mbele amalize swala, akatoka kichwa chini.

Wako walioendelea kusema ni mambo ya mawalii, na wako walioanza kuhamia msikiti wa pili. Hao wote hawakunishughulisha. Kilichoniuma ni alivyojihukumu mwenyewe. Alimwambia mkewe kwamba moyo wake umekufa, na mtu asiyeweza kukaa macho mbele ya Mola wake hana tofauti na mnafiki. Akaamua kujitibu kwa kukesha juu ya mswala, usiku baada ya usiku. Yaani mwenye njaa akajitibu kwa kufunga! Haikupita muda akaporomoka kwenye ngazi zetu za mbao, zile zilizosimama wima, akapasuka kipaji.

Bi Mwatum alishuka kwangu, akakaa kwenye mkeka, akalia.

"Tamima, mume wangu atakufa," akasema. "Na mie nnajua kwa nini, na siwezi kusema."

Nilikasirika. Nilimwambia siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ikinyamaza mpaka mtungi upasuke, hiyo si stara tena. Alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akasema Maalim amekubali kwenda kwa daktari, kwa ajili ya jeraha tu, na akaniomba nifuatane nao.

Daktari Zahor alikuwa kijana wa mjini, aliyesoma ng'ambo, mwenye chumba chake karibu na Darajani. Alimwamkia Maalim shikamoo, akaitikiwa, akasafisha jeraha na kulifunga. Akaona macho ya Maalim yanafumba hata pale kwenye kiti, akamuuliza habari ya usingizi wake.

"Usingizi si tatizo langu, mwanangu," Maalim akasema. "Nikiweka kichwa tu, nshalala. Tatizo langu ni imani."

Daktari akachukua kalamu. Akaanza kumwandikia dawa ya kuongeza damu. Tulikuwa tumeshasimama tunataka kutoka, ndipo Bi Mwatum alipogeuza uso ukutani, buibui limemfunika, akasema.

"Halali huyu, daktari. Akilala chali hukoroma, kisha hunyamaza. Kifua chapanda chashuka, na pumzi hamna. Mie humtikisa, akavuta kama mtu aliyetoka kuzama. Akilala tena, ni yale yale. Hivyo mpaka alfajiri."

Maalim alimwangalia kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Nilidhani atamwacha palepale. Lakini daktari aliweka kalamu, akavuta kiti karibu na mwanamke yule, akamuuliza moja baada ya moja, naye akayajibu yote bila kugeuka.

Daktari alisema kweli, na kwa hilo nilimheshimu. Alisema jina la maradhi haya hakufundishwa. Lakini kwenye chumba cha kupasulia amewaona waliovuta nusukaputi, wamelazwa chali, ulimi na nyama za koo zikalegea zikaziba njia, mpaka mtu awainue kidevu ndipo wapumue. Shingo ikinenepa, njia huzidi kuwa nyembamba.

"Mtu anayekabwa usiku kucha atasinzia mchana, awe nani awe nani," akamwambia Maalim. "Hii si dhambi. Ni koo."

Akamkataza kukesha, akamkataza dawa yoyote ya usingizi, akamwambia samli na maziwa ya jioni basi. Asilale chali, alale ubavu, na arudi apimwe uzito na moyo. Akiona miguu inavimba, asingoje. Maalim aliposikia habari ya ubavu alitahayari, maana kulalia ubavu wa kulia ni sunna aliyokuwa akiwafunza watoto wa chuo kila siku.

Nitasema mapema msije mkahangaika: alipata nafuu. Nilimshonea kifuko cha komwe za bao mgongoni mwa fulana, kila akigeuka chali zinamchoma, anarudi ubavuni. Alipungua polepole, huku majirani wakinong'ona kwamba Bi Mwatum anamnyima mumewe chakula, naye akawaacha waseme. Hakupona kabisa, lakini alipata miaka ambayo asingeipata.

Ila ninayoikumbuka zaidi ni siku ile ile tuliporudi nyumbani kutoka kwa daktari. Maalim alitangulia njia nzima, na Bi Mwatum akamfuata akijua amevunja alichofunzwa. Nilipowapandishia kitambaa cha jeraha, mlango ulikuwa wazi, na Maalim alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda.

"Miaka yote hii uliyokuwa ukinitikisa," alimuuliza, "wewe ukilala saa ngapi?"

Bi Mwatum alikuwa bado na buibui lake. Alijibu bila lawama, kama mtu anayeulizwa bei ya chumvi.

"Nikilala, nani angekutikisa?"

Niliweka kitambaa mlangoni nikashuka. Sikushika sindano tena mchana ule.

Ikaadhiniwa alasiri. Maalim hakuwahi kuikosa swala ya jamaa hata siku moja, wala alipokuwa na homa. Safu ikangoja, na mwishowe Msabah mwenyewe akaja kupiga hodi kwangu, akaniuliza kuna nini. Nikapanda.

Bi Mwatum alikuwa amelala, buibui mwilini, mkono mmoja umening'inia nje ya kitanda. Amelala usingizi wa mtoto. Maalim alikuwa amesimama dirishani, ameshika chuma cha dirisha kwa mikono miwili. Nikafahamu kwa nini amesimama: angekaa, angesinzia. Macho yake yalikuwa mekundu, na kitambaa cha kipaji kimelowa jasho.

Nikamnong'oneza kwamba watu wanamngoja.

"Mwambie Msabah aswalishe," akasema taratibu, asimwamshe. "Leo na kesho. Mie nna mtu nnamlinda."

Nikavua viatu ngazi zisilie, nikateremka.