Besi Iliyomeza Majina

Ipo siku moja, mwanangu Rehema, ambayo siisahau hata nikitaka, na jana umenirudisha kwenye siku hiyo bila kujua. Ulikuja barazani kwangu na kompyuta yako kwapani, ukaniamkia vizuri, nikaitika marahaba, ukanivisha hedifoni. Ukasema umemrekodi bibi yako wa Kilangala akiimba wimbo wa kumtoa mwali, nawe umemtilia besi ya kinanda. Nikasikiliza mpaka mwisho. Nikakuuliza maswali mawili, kisha nikaingia ndani nikakuacha na chai yako. Najua ulidhani naumwa. Siumwi. Nilikasirika, na leo bado nimekasirika, ila leo naweza kusema bila kukutukana.

Besi yako inayumba kama mlevi, halafu kila noti inajirudia mara tano, mara sita, hadi noti nyingine inaikuta ya kwanza haijaondoka. Nilipokuuliza kwa nini, ukanijibu, "Babu, bila mwangwi besi inakuwa kavu, watu hawachezi." Maneno hayo niliyasema mimi kabla mama yako hajazaliwa, karibu vilevile, na kwa kiburi kilekile.

Wakati huo nilikuwa mpiga kinanda wa kikundi chetu hapa Lindi mjini. Kiongozi wetu, Mwalimu Athumani, ndiye aliyekuwa fundi wa kurekodi. Chumba chake alikibandika trei za mayai ukutani, na ndani mlikuwa na mashine ya kaseti ya njia nne, kila njia inashika sauti yake peke yake. Ngoma njia moja, mwimbaji njia moja, kinanda njia moja, ya nne inabaki wazi. Ukitaka nafasi zaidi, unazikusanya zile tatu ndani ya ya nne, kisha unarekodi vitu vipya juu ya zile za mwanzo. Ukishafanya hivyo, za mwanzo zimekwenda, na hakuna wa kuzirudisha.

Tulikuwa tumepata kisanduku kipya cha kugeuza sauti. Kitufe kimoja ukikizungusha kinaiyumbisha, kingine kinaifanya ijirudie kama umeitia kisimani. Kinanda chetu kilitoa besi nene, na mimi nikiipitisha humo nilijiona sina mfano pwani nzima. Nilikipenda kile kisanduku kuliko mchumba wangu, na mwenyewe alijua.

Basi akaja Bi Somoe kutoka Songo Mnara. Alipanda mashua, akapanda basi, mama mtu mzima anayekohoa njia nzima. Hakuja kutafuta jina. Binti yake alikuwa ameolewa mbali, huko Tanga, na mjukuu wake alikuwa anakaribia kuingia unyago. Kwao, mwali akitolewa, bibi huimba na kuwataja mama zake mmoja mmoja, kurudi nyuma mpaka yule wa kwanza wa ukoo, na mwali huyarudia majina hayo mbele ya wanawake wote. Ni majina saba. Ngoma inapiga, inanyamaza, jina linatajwa katika kile kimya, mwali anaitikia, ngoma inarudi. Hayakuandikwa popote; binti yake aliyaitikia mara moja tu utotoni na yalikwisha kumtoka, na dada za Bi Somoe waliokuwa wakiyajua walikwisha kufa.

"Mwanangu," aliniambia, "kifua hiki hakinifikishi siku hiyo. Nitieni humo kwenye kaseti, iende badala yangu."

Akaimba kwa sauti nzito, ya chini, jirani kabisa na besi. Aliimba mara moja tu, kifua kikambana, tukampa maji na akarudi kwao. Mwalimu akaniagiza nitie besi kavu, na zile nafasi za kimya nisiziguse. Kisha akapata habari ya msiba Kilwa Masoko, akaondoka, akaniachia ufunguo.

Mimi niliuona ule wimbo wa kishamba, na zile nafasi za kimya nikaziona tupu. Nikaipitisha besi kwenye kisanduku, nikaiyumbisha, nikaiongezea mwangwi mpaka kila ngoma iliponyamaza besi yangu ikawa bado inazunguka pale. Nikasema sasa wimbo umejaa. Halafu nikataka kayamba na makofi, na njia iliyobaki wazi ilikuwa moja tu, nikazikusanya zote tatu kwenye hiyo ya nne. Nilifuta njia iliyoshika sauti ya yule mama peke yake, mwanangu, ili nipate mahali pa kutia kayamba.

Mwalimu aliporudi alisikiliza akiwa amesimama, kofia bado kichwani. Hakufoka.

"Kile kimya," aliniuliza, "ulidhani hakina mwenyewe?"

Akaniamuru nimfuate Bi Somoe siku ileile, nimwombe radhi, nimrudishe aimbe upya. Nilifika Songo Mnara nikakuta wanawake wamekaa matanga. Walikuwa wamemzika juzi yake.

Siku ya unyago ilipofika, binti wa Bi Somoe alimleta mwali wake kwao ili atolewe palepale nyumbani kwa bibi. Mwalimu akanilazimisha niende na redio, niiweke kaseti kwa mkono wangu mwenyewe. Mtoto alisimama katikati ya wanawake, amepakwa mafuta, amevaa kanga mpya. Jina la kwanza likasikika, Zuhura, akaliitikia. La pili, Mwanahawa, akaitikia. La tatu likaja, na kilichosikika ni besi yangu inajirudia, inajirudia. Mtoto akamtazama mama yake, mama akaitazama redio. Tuliirudisha kaseti nyuma mara nne mbele ya watu wote. Kati ya majina saba tulipata manne, na matatu yaliyobaki hakuna anayeyajua mpaka leo. Mama wa mwali hakunitukana. Aliniambia ahsante kwa kuja. Ningeona nafuu angenizaba kofi.

Sasa wewe. Swali langu la pili jana lilikuwa kama sauti ya bibi yako ipo peke yake mahali. Ukanijibu, bila hata kubadilika uso, kwamba ulihifadhi juu ya ile ya kwanza kwa sababu kompyuta ilikuwa imejaa. Mimi nilikuwa na mashine ya njia nne. Wewe una chombo kinachokubali nakala elfu, na umefanya yaleyale kwa uvivu tu. Ndiyo maana niliinuka.

Sikukatazi kuyumbisha besi wala kuitia mwangwi. Hata mimi bado naipenda. Lakini rekodi kwanza kavu, uiweke kando, uchezee nakala. Ile sehemu ya chini kabisa ya besi iache isimame imara bila kuyumba, mchezo wako ufanye kwenye sehemu ya juu. Mwangwi uupime na ngoma, uufupishe ukome kabla ngoma haijanyamaza, na mtu anapotaja jina uzime kabisa. Na kabla hujagusa kitufe chochote, muulize mwenye wimbo kile kimya kina kazi gani. Mimi Bi Somoe alinieleza kabisa, na bado nikajaza.

Bibi yako wa Kilangala yu hai, Rehema. Hiyo ndiyo tofauti yako na mimi, na wala hukuifanyia kazi. Kesho usije kunisalimu. Panda gari la asubuhi, ukampigie magoti, umwambie umeharibu, umwombe akuimbie tena.

Mungu akufikishe salama, umkute ameketi uani na pumzi yake ingali ndefu. Akupe masikio ya kusikia pale pasipopigwa kitu. Na siku mwali wa kwenu atakapoulizwa yeye ni wa nani, ajibu mpaka jina la mwisho. Amina.