Kamba ya Mzee Humadi

Mimi ni dalali wa nyumba hapa Moroni, na hadi leo nikimwona Bi Moina napita njia nyingine.

Mjane huyu alikuwa anauza nyumba yake ili akaishi na dada yake. Mnunuzi, Mzee Humadi wa Mutsamudu, mji wa kisiwa cha pili, alikwisha kubaliana naye bei. Ilibaki kuandikiana kwa kadhi tu. Lakini mzee hakutulia. Kila siku alikuja na kamba, akapima mlango, akapima kona ya uchochoro, akafunga fundo kuweka alama. Mimi namshikia ncha. Siku moja akaniuliza, "Mwanangu, huyu jirani askari hutoka saa ngapi?"

Zama zile za mamluki, wapiganaji wa kigeni wa kukodiwa walioiteka nchi, hata paka akipita mara mbili tulimshuku. Nami kwa ujuaji wangu nikamnong'oneza yule askari: huyu si mnunuzi, ni mpelelezi.

Kesho yake tunapima tena, askari akamkamata mzee mbele ya mtaa mzima, akafungua karatasi aliyoikuta mfukoni mwake. Kumbe kimechorwa kitanda!

"Cha harusi ya binti yangu," mzee alisema. "Kinachongwa Mutsamudu. Nilitaka kujua kama kitapita, na siku ya kukiingiza nisimzibie jirani njia. Sasa binti yangu nimlete kwa majirani hawa?"

Bi Moina, aliyekwisha gawa hata masufuria yake, akauliza kwa kilio, "Nani kasema maneno haya?"

Askari akaninyooshea kidole. Ncha ya kamba bado nilikuwa nayo mkononi.