Gari Lililokwenda Mji Mwingine

Fundi wa mtandao wa ofisi ile alikuwa mama mcheshi, wenzake wakimwita Bi Waya. Mdogo wake, Kidosho, alikaa mapokezi, na pumu alikuwa nayo tangu utotoni.

Ofisi ilipobadilisha mtandao ilipewa anwani mpya, yaani zile namba zinazoitambulisha huko nje. Mpya wapi! Zamani zilikuwa za kampuni ya mji wa mbali, basi kompyuta zote zikadhani zimehama. Nje jua linawaka, skrini zinatangaza mvua ya mji ule. Watu wakavunjika mbavu: "Bi Waya, tuletee miavuli!" Akaandika maombi ya kusahihisha, skrini ikaonyesha jua, akajipongeza. Kumbe wanaotunza habari za namba hizo ni wengi, kila mmoja na kumbukumbu zake, na yeye alimrekebisha mmoja tu.

Siku pumu ilipombana Kidosho, dawa yake ya kuvuta ilikuwa imeisha. Bi Waya akanyakua simu ya mapokezi, ambayo nayo hupita humo humo mtandaoni, akapiga kwa watu wa gari la wagonjwa.

"Tumeshaona mlipo," sauti ikasema. "Gari liko njiani."

Akashukuru, akarudi kumshika mdogo wake mgongo. Wakangoja. Midomo ya Kidosho ikaanza kubadilika rangi. Simu ikalia.

"Dereva yuko getini, mbona hamfungui?"

Bi Waya akachungulia dirishani. Getini mlinzi peke yake, anapiga miayo.

"Mungu wangu! Mmelipeleka mji mwingine!"

Akataja mtaa na jengo huku akibabaika. Likaja gari jingine. Kidosho akapona, lakini jamani, chupuchupu.

Tangu hapo Bi Waya hakuwa na raha. Simu ikilia tu, anashtuka. Aliwaandikia watunzaji wote, kampuni ya simu akaiganda kama kupe, mpaka wakajibu kwamba wamesharekebisha. Hakuamini. Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

"Dada, si wamesema tayari?" Kidosho aliuliza.

"Siku ile uliweza kusema uko wapi?"

"Hata neno moja."

"Basi acha nione."

Akapatana na watu wa gari kwamba atapiga kujaribu, ila mahali hatawatajia. Akapiga kwa simu ile ile ya mapokezi, akanyamaza.

"Haloo? Haloo?"

Bi Waya akaikaza simu sikioni. Vipi kama wanauona mji ule ule?

"Kama huwezi kuongea, usihofu," sauti ikasema, kisha ikataja mtaa wao na jengo lao, sawasawa kabisa. "Ni lile jaribio? Nijibu, la sivyo natuma gari."

Bi Waya akafungua mdomo ajibu. Kilio kikamkaba kooni, hata pumzi haikutoka, ikabidi Kidosho amnyang'anye simu aseme yeye.