Memori Iliyobisha Chumbani mwa Baba

Ti, ti, ti. Kisha kimya. Mlio huo mwembamba, kama patasi ikigonga jiwe, ulitufikia kupitia ukutani kabla yeyote hajaona kitu, na mpaka leo nikiukumbuka nafunika uso kwa leso hata nikiwa peke yangu.

Ngoja nianze na ujinga wangu. Baba, aliyefariki mwaka jana, alikuwa mchongaji. Alileta mawe ya sabuni kutoka Tabaka hadi kwetu Sironga, akayachonga katika chumba kilichofungukia barazani, na kabla ya kuingia nyumbani aligonga patasi mara tatu kwenye nguzo kukung'uta vumbi. Chumbani humo aliacha kompyuta yake ya mezani, na ndani yake sauti yake, dakika moja tu aliyojirekodi akijaribu maikrofoni. Mama aliniomba kitu kimoja: Jumamosi jua likizama, Sabato ikiisha, nimsikizishe.

Kompyuta ilikuwa ya polepole, lakini iliwaka. Mwenye akili angeiacha. Mimi (mwandishi wa riwaya ambayo haijafika sura ya tatu, kana kwamba kilichokosekana ni kasi ya mashine) nikaenda Kisii mjini Ijumaa asubuhi nikanunua memori mpya, kile kijiti kinachochomekwa ndani ya kompyuta kuiongezea kasi. Fundi aliniambia, "Dada, bonyeza bila huruma mpaka isikike tak." Nyumbani nikafungua kasha, nikakuta vumbi jeupe la Baba limelala kila mahali, laini, kana kwamba alipumua humo jana, na nikaogopa kulifuta. Nikaichomeka memori kwa huruma tupu. Nikawasha. Skrini nyeusi, na mashine ikalalamika: Ti, ti, ti. Nikachomoa, nikarudisha, nikawasha tena, ti, ti, ti, na nikiwa bado nimeinama hapo stima zikapotea na Mama akaita kutoka jikoni, "Kwamboka! Jua limezama. Acha kazi!" Kwetu jua la Ijumaa likizama hata ufagio unapumzika. Nikaacha kila kitu wazi, swichi ikiwa imewashwa, nikaenda kuimba.

Sebuleni tulipiga magoti wanne kufungua Sabato: Mama, mimi, Mzee Onchiri wa kanisa, na jirani yetu Mama Nyanchama. Taa ya sebuleni ilikuwa ya sola, kwa hivyo stima ziliporudi hakuna aliyejua. Nje ukungu ulikuwa umepanda kutoka kwenye majani chai mpaka madirishani. Mzee alikuwa katikati ya ombi.

Ti, ti, ti.

Akanyamaza. Mama akainuka. Mjue kwamba Mama ni shemasi, na miaka mingi amefundisha darasa la Sabato kwamba waliokufa hawajui lolote mpaka siku ya ufufuo. Akaenda mlangoni, akaufungua wazi, ukungu ukatuingilia miguuni, naye akasema kwa Ekegusii, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia mwaka mzima, "Soa ime, Baba Kwamboka. Ingia ndani, uji bado ni moto."

Hakukuwa na mtu. Ti, ti, ti.

"Shemasi, funga mlango!" Mzee Onchiri akafoka. "Huyo si mume wako!"

"Ni yeye," Mama Nyanchama akanong'ona, nusu ya mwili tayari chini ya meza. "Hata akiwa hai hakuingia mpaka aitwe mara mbili."

Na mimi nilijua. Tangu mlio wa kwanza nilijua, ila ulimi ulikataa, kwa sababu kusema ni kukiri kwamba nimeiharibu kompyuta yenye sauti yake. Mzee akakemea pepo, Mama akamimina uji kwenye kikombe cha Baba, akakiweka mbele ya kiti chake. Hapo ndipo nikasema, "Ni memori."

"Nani?" Mzee akauliza.

"Ya kompyuta. Sikuibonyeza vizuri, na stima zimerudi, ndiyo inalia."

Mama Nyanchama alicheka mpaka akagonga kichwa kwenye meza. Mzee alikitazama kile kikombe kwa muda mrefu, akachukua Biblia yake. "Shemasi," akasema, "tutaongea."

Asubuhi kanisa zima lilijua. Darasa la Mama lilifundishwa na mtu mwingine, naye alikaa benchi ya nyuma, mikono mapajani. Pale pale kando yake niliapa kwamba nikiharibu kitu tena nitasema papo hapo, kabla mtu hajainuka kufungua mlango.

Jioni, jua lilipozama, nilifuta vumbi kwa brashi kavu, nikabonyeza bila huruma. Tak. Ikawaka. Nikamwita Mama. Spika zikakoroma kidogo, patasi ikagonga mara tatu, kisha Baba akauliza, karibu sana, kana kwamba yuko nyuma yetu: "Mama Kwamboka, uji uko?" Akacheka, na ikaisha.

Mama hakulia.

"Jana ulinisikia nikimwita," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Na ulijua ni mashine."

"Nilijua."

Akaitazama skrini, akajifunga leso vizuri, akatoka, akaufunga mlango polepole nyuma yake.