Nzi Wenye Miguu Kichwani

Nzi wale walinigharimu jozi ya viatu, ujirani mwema na imani niliyokuwa nayo kwa macho yangu. Viatu nimesamehe. Hayo mengine bado nashuku nilipunjwa.

Siku yangu ya kwanza kazini, vita vya mpakani vikiwa vimeisha karibuni, Mkuu wa Maabara pale Rwamishenye alinisogezea hadubini. Nikaona nzi wa matunda aliyeota miguu usoni, mahali pa vipapasio. Nikahesabu. Nikarudia kuhesabu.

"Gundi mmenunua wapi, mzee?"

"Hakuna gundi, bwana mdogo. Kuna protini za amri. Mdudu anapoumbika, protini hizo huiambia kila sehemu iwe nini. Hapa amri ya miguu imetolewa kichwani."

Sikumwamini, nikaweka dau viatu vyangu. Nilizalisha nzi wale mwenyewe, mlango umefungwa, ufunguo mfukoni. Miguu ikatokea vilevile, viatu vikawa vya Mkuu.

"Na protini ya amri hupataje kazi mpya?" nikamuuliza.

"Wakati mwingine jeni, yaani maelekezo ya kuitengeneza, hunakiliwa. Nakala moja hushika kazi ya zamani. Ya pili haina zamu, basi hubadilika kidogo kidogo. Nyingi huharibika. Chache hupata kazi mpya."

Baadaye nilihamishiwa Muleba na chupa zangu, miaka ile ukimwi ulipokuwa ukimaliza nyumba. Ma Koku, jirani yangu aliyekuwa akiniuzia ndizi mbivu za kulishia nzi, akagoma. Bila ndizi, ukoo mzima wa nzi ungekufa.

"Wadudu wako ndio wanaoleta ugonjwa. Nimezika wanangu wote, waitu, ndugu yangu. Siuzi!"

"Ma, hawa hawaumi mtu. Tazama kwanza, ukatae baadaye."

"Ukinidanganya, utazitafuna hizo chupa."

Akachungulia kwenye hadubini muda mrefu. Nikamweleza habari ya nakala mbili. Akanisukumia kapu la ndizi, dogo kuliko la kawaida, sikuthubutu kulalamika.

"Wa kugawana nao kazi wameisha," akasema, akiwatazama wajukuu zake. "Nalima, nauza, nakaripia kama baba, nabembeleza kama mama. Nakala ikibaki moja, ikabebeshwa yote, hupata kazi mpya au huharibika?"

Nilimwandikia Mkuu. Akanijibu kurasa nyingi, zote za nzi.

Sasa nimestaafu, nipo Nshambya. Ma Koku yu hai, wajukuu wamekua, na kila nikipita sokoni Muleba ananidai jibu kabla hajanipimia ndizi. Ninyi mliosoma baada yetu, nishaurini: nimwambie nini?